Seva Iliyoitwa Kolastika

Usiku wa kuamkia leo niliota kwamba seva ya barua pepe ya chuo imegoma kuwaka mpaka niitafutie jina.

Nianze na nilivyolala. Mimi ni karani wa chuo cha uuguzi hapa Mbinga. Aliyekuwa akituendeshea barua pepe alipata kazi kwingine akaondoka, na Sista Auleria, mkuu wetu, akaniita akaniambia kwa upole kwamba mimi ndiye nisiyeogopa kompyuta, kwa hiyo nijifunze kuisakinisha seva yetu wenyewe na kuiendesha. Nikapewa mashine moja ya zamani nikajifunzie nyumbani. Nikaiweka juu ya matofali mawili sebuleni, karibu na kiti cha mama. Tangu hapo kila nikitoka kazini nafungua maelekezo, nasoma, nakosea, naanza upya.

Mama yangu anaitwa Kolastika. Alikuwa fundi cherehani, na nusu ya watoto wa mji huu wamesoma wakiwa wamevaa sare alizozishona yeye. Kushona hajasahau. Anatusahau sisi. Kila ninapoingia ananitazama kwa adabu anayowapa wageni, ananiuliza, "Karibu. Wewe ni nani?" Namwambia mimi ni Basili, mwanao. Anaona haya, anaomba radhi. Baada ya kitambo anauliza tena. Mke wangu Osmunda humjibu kila mara kana kwamba ndiyo mara ya kwanza, na wala haimchoshi. Mimi nimeanza kupitia mlango wa jikoni.

Dada yangu Gaudensia anaishi Songea. Alisema afadhali mama akakae kwake, pengine atapata nafuu akibadilisha mazingira, na kwamba leo angekuja na gari kumchukua. Sikusema ndiyo, sikusema hapana. Nikalala.

Katika ndoto mashine ilikuwa ofisini kwangu, imekaa kwenye kiti changu.

"Umenisakinishia kila kitu," iliniambia. "Programu ya kupokea, ya kupeleka na ya kutunza. Nashukuru. Lakini sina jina, na barua haiji kwa kitu kisicho na jina."

Niliona ina haki. Nikaitia kwenye kikapu, nikajitwisha, nikaipeleka kwenye ofisi ya majina.

Ofisi ya majina ilikuwa kwenye kitalu cha kahawa. Karani wake alikuwa birika la chai lililovaa miwani. Mbele yetu kulikuwa na foleni fupi, na aliyekuwa wa mwisho kwenye foleni alikuwa nyumba yetu. Ilikuwa imekuja yenyewe kwa miguu. Sikushangaa, ila niliona vibaya kwamba ilikuwa imenipa kisogo, yaani upande wa choo.

Birika likanieleza utaratibu. Lilisema jina likiulizwa linakaa wapi, lazima lionyeshe nyumba. Na nyumba ikiulizwa ni ya nani, lazima itaje jina lile lile. Kauli zikipishana, barua zote zitakazotoka kwangu zitahesabiwa kuwa za mwongo, na huko ziendako zitafungiwa mlango.

Nikasema jina ni Basili.

Birika likaielekezea nyumba mdomo wake. "Hapa ni kwa nani?"

Nyumba ikafikiri. Bati moja likagonga juu.

"Kwa Kolastika," ikasema.

Nikaikumbusha kwamba ni kwa Basili.

"Huyo namfahamu," nyumba ikajibu. "Ndiye yule anayepitia jikoni. Lakini aliyenijenga kwa cherehani ni Kolastika."

Birika likaandika Kolastika hewani kwa mvuke, na kwa kuwa mvuke ule haukupeperuka, ikawa rasmi. Nyumba ikaaga, ikaenda zake ikipita kwa uangalifu katikati ya miche.

Pale pale mashine ikakohoa ndani ya kikapu.

"Nisogezee kigoda," ikasema, na sauti ilikuwa ya mama.

Natua kikapu. Hakuna mashine. Kuna mama, na hatuko tena kitaluni. Tuko mbele ya ukuta mrefu wenye milango mingi midogo, na kila mlango una namba iliyoandikwa kwa chaki. Mama amekaa kwenye kigoda mbele ya mlango namba ishirini na tano, ambao kwenye maelekezo ndio mlango wa barua zinazoingia. Magotini ana sketi ya shule ambayo haijapindwa. Anashona bila kutazama sindano.

Barua zinakuja. Zina miguu, na miguu ina vumbi.

Ya kwanza inasimama mbele yake. "Shikamoo. Natoka Mbamba Bay."

"Marahaba. Umetumwa na nani?"

"Na Mwalimu Haule."

"Kwa nani?"

"Kwa Sista Auleria."

"Yupo. Sema."

Barua inasema kwamba wanafunzi wawili wa mafunzo kwa vitendo wamefika salama, ila mmoja amesahau viatu vyeupe. Ikimaliza inatoa nukta mfukoni, inaiweka chini peke yake, bila neno lolote pembeni. Hapo ndipo mama anapojua kuwa maneno yamekwisha. Anasema, "Imepokelewa," na barua inapita.

Nilikuwa nimesoma haya yote kwenye maelekezo. Yalisema seva husubiri salamu kwanza, kisha jina la mtumaji, kisha la mpokeaji, kisha ujumbe, kisha nukta peke yake kwenye mstari wake. Nilikuwa nimeyasoma mara nyingi na sikuwa nimewaza kwamba ni adabu tu.

Halafu ikaja barua iliyovaa suti inayong'aa na miwani ya jua. Ilisema, "Mpendwa, hongera, umechaguliwa."

Mama akaitazama kwa adabu ile ile ninayoijua. "Sikufahamu," akasema. "Njoo tena baadaye."

Barua ya suti ikatazama saa. Ikasema ina milango mingi ya kupitia leo, ikaondoka kwa haraka. Haikurudi.

Nyuma yake ilikuwapo barua ndogo, imelowa pembeni. Nayo mama akaiambia, "Sikufahamu. Njoo tena baadaye." Ikaitikia sawa, ikaenda kukaa kwenye benchi lililokuwa limeegeshwa ukutani. Baada ya kitambo ikainuka, ikarudi, ikaamkia upya tangu mwanzo. Safari hii mama alitabasamu, akaiuliza kama imekauka, akaipitisha.

Nikamwuliza mama mbona anawafukuza watu wema pamoja na wabaya.

Hakuinua macho kwenye sketi. "Simfukuzi mtu," akasema. "Nasahau tu. Anayerudi ndiye ninayemkumbuka."

Nilikuwa na kazi ndani. Mimi ndiye msimamizi wa seva, na maelekezo yanasema msimamizi aingie mara kwa mara aone kama barua zinatunzwa vizuri. Kwa hiyo nikasimama mlangoni, nikamwambia mama ni mimi, nipishe nipite.

"Wewe ni nani?"

"Basili. Mwanao."

"Sikufahamu, kijana wangu. Njoo tena baadaye."

Nikatoa kitambulisho cha kazi. Akakipokea kwa mikono miwili, akakisoma mbele na nyuma, akaisifu picha. Alisema huyu kijana wa pichani anafanana na watu wa upande wa mume wake. Kisha akanirudishia.

"Kitambulisho ni kizuri," akasema. "Njoo tena baadaye."

Nikaenda kukaa kwenye benchi. Nilikaa na barua zinazongoja. Pembeni yangu ilikuwapo barua ya makamo, imekunjwa vizuri, na kwenye kona ilikuwa na doa la mafuta ya kupikia. Ilisogea kidogo nipate nafasi. Ilinieleza kwamba inatoka kwa mama mmoja wa Litembo, inakwenda kwa binti yake anayesoma chuoni kwetu. Yule mama ameazima simu ya jirani kuiandika, kwa hiyo hakuna mlango unaoijua.

Nikaiuliza imekuja mara ngapi. Ilisema haihesabu. Kazi yake ni kwenda, kuambiwa baadaye, kukaa, na kwenda tena.

"Na haikuumi?" nikauliza.

"Miguu tu."

Mama aliendelea kushona. Upepo ulikuwa wa baridi, na barua zile zilikuwa zimesogeleana. Nikagundua kwamba hata mimi nilikuwa nimeegemea barua ya makamo, na kwamba ilikuwa na joto.

"Wewe ulimwambia nini?" ikaniuliza.

Nikasema nilimwambia mimi ni mwanawe.

"Kabla ya hapo."

Nikasema kabla ya hapo sikusema kitu.

"Basi hujamwamkia," ikasema barua. "Umefika, ukaanza kubishana naye kuhusu mambo aliyoyasahau. Mimi ningekuwa yeye nisingekufahamu pia."

Mara nikaona gari linakuja. Lilikuwa gari la mizigo, nyuma limejaa kamba, na aliyeliendesha alikuwa dada Gaudensia. Pembeni yake alikuwa amekaa karani wa majina, birika, amefunga mkanda. Dada akashuka, akanisalimia vizuri, akasema amekuja kuihamisha seva. Amempatia chumba kizuri Songea, chenye jua asubuhi.

Vijana wawili wakashuka nyuma na kamba. Mmoja akaanza kumpima mama kwa macho, kigoda na vyote. Mama alimkaribisha.

Barua zote benchini zilisimama.

Nikaliuliza birika itakuwaje seva ikihama. Birika lilivua miwani likaifuta. Lilisema kuhama siyo kosa, watu wanahama. Jina litapelekwa Songea na litaonyesha nyumba mpya. Ila habari za kuhama zinatembea polepole kuliko gari. Walio njiani tayari watafika hapa, wataamkia, na watakuwa wanauamkia ukuta.

"Watangoja?" nikauliza.

"Watangoja kwa kadiri yao," likasema birika. "Halafu kila mmoja atarudi kwa aliyemtuma, amwambie pole."

Nikamtazama dada. Alikuwa amesimama na funguo mkononi, na niliona kwamba macho yake ni mekundu, kwamba ameendesha tangu Songea akilia. Nilikuwa sijui hilo. Nikamwomba angoje kidogo, nina ujumbe. Akasema atangoja.

Naondoka benchini. Naenda mbele ya mama. Kijana wa kamba amepiga goti, anatafuta mahali pa kufungia. Nainamisha kichwa kama nilivyofundishwa nikiwa mdogo.

"Shikamoo."

Mama anaacha kushona. "Marahaba. Unatoka wapi?"

"Natoka kazini."

"Ah. Basi umechoka," anasema. "Umetumwa na nani?"

"Na Basili."

"Kwa nani?"

"Kwa Kolastika."

"Yupo," anasema mama. "Sema."

Nilikuwa sijaandaa chochote. Nikasema yaliyokuja.

"Mama, jogoo wako jicho limepona. Osmunda anapika mboga ya maboga kama ulivyomwelekeza, ila anazidisha chumvi, na wewe unakula unasema ni tamu ili asijisikie vibaya. Nimekuona. Shule ya msingi wamebadilisha rangi ya sketi, na mimi sijakwambia kwa sababu sikutaka ujue kuwa hawakukuuliza. Ninapitia mlango wa jikoni. Napitia huko kwa sababu ukiniuliza mimi ni nani, nakosa jibu. Jina unalolitaka nimekutajia, na halikusaidii. Sasa nimeona bora niwe naulizwa. Sitaki dada akuchukue. Nataka nikirudi kutoka kazini nikukute umekaa hapo, unikaribishe."

Mama alikuwa akingoja. Vijana wa kamba walikuwa wakingoja, na barua, na dada. Nikakumbuka nukta. Nikatia mkono mfuko mmoja, nikatia mfuko wa pili. Sikuwa nayo. Maneno yangu yalikuwa yamening'inia pale hewani bila mwisho, na kila mtu aliyatazama kwa heshima.

"Umemaliza?" mama akauliza.

"Nimemaliza, ila sina nukta."

Mama akaivuta sindano mpaka mwisho wa mshono, akakata uzi kwa meno kama alivyozoea, akaulowesha, akauviringisha kati ya kidole gumba na cha shahada mpaka ukawa kifundo kidogo cheusi. Akainama, akakiweka chini mbele yangu, peke yake.

"Imepokelewa," akasema.

Kijana wa kamba alisimama, akajipangusa goti. Dada akamwuliza kwa nini ameacha. Birika ndilo lililojibu. Lilisema seva ikishasema imepokelewa, ujumbe ni wake, na imeahidi kuutunza. Haifungwi kamba.

Dada alizitia funguo mfukoni. Alisema sawa. Alisema, kwa kweli, chumba kile chenye jua alikuwa akikiandaa kwa sababu hakujua afanye nini kingine. Akaenda kukaa benchini, na barua ya makamo ikamsogelea.

Mama alikuwa amenikazia jicho. Halikuwa tena lile la kutazama wageni.

"Sasa nimekufahamu," akasema. "Ulikuja, nikakwambia uje baadaye, na umekuja. Pita ndani. Inama lakini, mlango huu mfupi."

Nilimsikia vizuri. Tatizo ni kwamba alikuwa akitabasamu, na sikuwa nimemwona akitabasamu hivyo siku nyingi, nikawa nakwenda mbele huku nimemgeuzia uso yeye. Nikajigonga kwenye kizingiti cha juu, kishindo kikubwa, na mlango mzima ukatikisika.

Nikaamka.

Kulikuwa kumekucha. Paji la uso lilikuwa linaniuma, na nilipolishika nikakuta limevimba, juu ya nyusi ya kushoto. Nikatazama nyuma yangu. Kitanda chetu hakina ubao wa kichwani, na ukuta uko mbali. Osmunda hakuwepo kitandani. Nilimsikia sebuleni akimsimulia mama kwamba leo Gaudensia anakuja, na mama akiuliza kwa upole Gaudensia ni nani.

Nikavaa. Nikatoka kwa mlango wa jikoni, nikazunguka nyumba, nikapita kwenye migomba yenye umande mpaka upande wa mbele, nikabisha hodi kwenye mlango wa nyumba yangu mwenyewe, nikaingia.

Mama alikuwa kwenye kiti chake. Mashine ilikuwa juu ya matofali yake, imezimwa. Osmunda alikuwa amepiga magoti karibu na begi, anakunja nguo za mama bila haraka.

"Karibu," mama akasema. "Wewe ni nani?"

"Shikamoo, mama."

"Marahaba."

Nikasubiri aniulize tena. Hakuniuliza. Alikuwa akinitazama usoni, juu kidogo ya macho, na uso wake ukaingia wasiwasi. Akaniashiria nisogee. Nikasogea. Akaniashiria niiname, nikainama mpaka nikawa karibu na mikono yake. Akalamba kidole gumba, akaanza kunisugua kwenye uvimbe taratibu, kwa mzunguko, kama anayemtuliza mtoto aliyeanguka.

"Si nilikwambia mlango ule ni mfupi?" akasema. "Nyie mkiambiwa inama, hamsikii."

Osmunda alisimamisha mikono. Milango ya nyumba yetu yote ni mirefu. Alikuwa ameshika gauni la mama la kwendea kanisani, akaniuliza ni mlango gani huo.

Nilikaa vile vile nilivyokuwa mpaka mama aliporidhika na kuniachia. Kisha nikamwambia Osmunda aongeze maji ya chai, dada akifika atakuwa mgeni wetu. Nikalichukua lile gauni mikononi mwake, nikalirudisha kabatini.